Nyoka Hatandikiwi Gazeti

Nyoka hatandikiwi kitanda. Naanza na sentensi hii kwa sababu nusu ya upotofu ninaotaka kuupinga katika insha hii umetokana na neno tu. Mtu anayefuga nyoka anapouliza amtandikie nini, neno "matandiko" linamletea picha ya shuka, mkeka au godoro, yaani kitu kinachotandazwa ili mwenye mwili alale juu yake. Basi anajijibu kama binadamu. Anatafuta kitu kikavu, cheupe, chepesi kukunjwa na kutupwa, na anaishia kwenye gazeti la juzi. Lakini nyoka wengi wanaofugwa hawakai juu ya ardhi. Wanakaa ndani yake, au baina yake na majani yaliyoanguka. Kile tunachokiita tandiko ndicho nyumba yao, ndicho blanketi lao, ndicho kinachowatunzia maji ya ngozi. Ukimpa karatasi umempa sakafu, na nyumba hujampa.

Niseme mapema nani ninabishana naye. Sibishani na wale wanaosema nyoka asifugwe kabisa. Wana hoja nzito, na hapa Uganda sheria iko karibu nao: kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyamapori ni mali ya taifa, na hakuna anayeruhusiwa kumweka nyumbani kwake bila kibali. Ninabishana na wale waliokwisha kuwa naye. Hao ni wafugaji wa Ulaya na Marekani ambao vitabu na video zao ndizo tunazosomea, na watunzaji wa mabanda ya maonyesho katika nchi zetu ambako watoto wa shule hupelekwa kwa mabasi wakamwone chatu. Wa kwanza wameigeuza karatasi kuwa sayansi. Wa pili hawana hata karatasi, wana saruji.

Tuchukue mfano wa nyoka anayefugwa kuliko karibu wote duniani, yule chatu mdogo ambaye akiogopa hujikunja duara, kichwa katikati, ndiyo maana Wamarekani wakampa jina la mpira. Kisayansi ni Python regius. Si wa kwao. Ni Mwafrika, na eneo lake linaanzia Senegali likipita Ghana, Togo na Benin hadi Sudan Kusini na hapa Uganda. Kwa miongo kadhaa Togo, Benin na Ghana zimekuwa zikisafirisha chatu hawa kwa makumi ya maelfu kwenda kuuzwa ng'ambo. Na huko kwao wanaishi wapi? Katika mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Mchana nje kunaweza kuwa na jua la kupasua udongo, lakini ndani ya kichuguu hewa ni ya ubaridi wa wastani na ina unyevu. Chatu hulala humo, hutoka usiku kuwinda, hurudi. Ngozi yake, mapafu yake na utulivu wake vimezoea shimo.

Sasa mtoe shimoni umtie kwenye droo ya plastiki yenye kurasa mbili za gazeti. Huu si utani. Huko Marekani na Ulaya wazalishaji wakubwa wa chatu hawa, wanaoshindana kutoa rangi mpya kila mwaka, huwaweka katika makabati ya droo zilizopangwa kama za ofisi ya masjala, kila droo na nyoka wake, bakuli la maji na karatasi. Ukiwauliza watakujibu kwamba karatasi ni safi: uchafu unaonekana mara moja, utitiri mweusi unaonekana mara moja, unakunja unatupa, unaweka nyingine. Yote hayo ni kweli. Ni kweli kwa mfugaji. Sijasikia hata faida moja katika orodha hiyo inayoanza na mwili wa nyoka.

Karatasi hainyonyi unyevu na kuuachia polepole. Ikilowa inalowa, ikikauka imekauka. Chatu huyu anahitaji hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 60 na 80, na hitaji hilo huwa kali zaidi anapotaka kujivua gamba. Hapa naomba nichepuke kidogo. Mwaka 2011 Chama cha Mapinduzi cha Tanzania kilipotangaza kwamba kinajivua gamba, maneno hayo yalivuma Afrika Mashariki nzima, na hadi leo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua maana yake ya kisiasa. Lakini mwulize huyo huyo nyoka hujivuaje, na nini kinaweza kumzuia. Nyoka mwenye afya hulivua gamba zima, kutoka pua hadi ncha ya mkia, kama soksi iliyogeuzwa ndani nje. Nyoka aliyekaushwa hulivua vipandevipande. Kipande kikibaki kwenye ncha ya mkia hukaza kama uzi uliofungwa kidoleni, damu haipiti, na ncha hufa. Kikibaki jichoni ni balaa zaidi, kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja jembamba linalopitisha mwanga kama kioo, nalo lilipaswa kuvuliwa pamoja na mengine. Anabaki na kioo juu ya kioo. Mfugaji huona nyoka "mkali" siku hizo akamlaumu kwa tabia yake, kumbe ni kipofu kwa sababu ya gazeti.

Natambua pahali pake karatasi. Nyoka mgeni aliyeingia leo, ambaye hujui ana wadudu gani, awekwe juu ya karatasi nyeupe mpaka karantini iishe. Mwenye kidonda, aliyepasuliwa, anayeharisha, naye vivyo hivyo. Hospitalini sisi pia hulazwa juu ya mpira na shuka inayofuliwa kila siku, na hakuna anayeomba kuhamia wodini akaishi huko. Kosa la wenye droo ni kuifanya wodi kuwa makao ya miaka 20 au 30, maana chatu huyu akitunzwa anafika umri huo.

Nije nyumbani. Niliwahi kuingia banda moja la maonyesho, ambalo sitalitaja, nikakuta chatu mkubwa wa Kiafrika, mrefu kuliko meza mbili za darasani zikiunganishwa, amelala juu ya saruji tupu. Kona moja kulikuwa na beseni. Mtunzaji alikuwa ametoka kuipiga sakafu maji kwa mpira, na nyoka alikuwa amelowa tumboni. Nikauliza kwa nini hakuna udongo. Nikajibiwa kwamba udongo unachafua na wageni hawamwoni nyoka. Sina haja ya kumdhihaki mtu yule. Ndivyo alivyofundishwa, na analipwa kuosha. Lakini nililiangalia tumbo la chatu yule, na magamba ya chini yalikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia. Saruji iliyolowa kila asubuhi na isiyo na pa kukimbilia pakavu ni njia ya haraka ya kuozesha magamba: maji yanakaa chini ya tumbo, bakteria wanaingia, malengelenge yanatokea, kisha kidonda. Jambo la kusikitisha ni kwamba nyoka mmoja anaweza kuugua ukavu na mwingine kuugua maji, na ugonjwa wao ukawa mmoja: sakafu isiyo na kina.

Neno hilo, kina, ndilo ninalotaka wenzangu waondoke nalo. Udongo wenye kina cha sentimita 8 au 10 unaweza kuwa na unyevu chini na ukavu juu kwa wakati mmoja. Humiminiwi maji juu. Humiminwa taratibu pembeni, yashuke yakae chini, na tabaka la juu analogusana nalo nyoka libaki kavu huku hewa ikiwa na unyevu. Nyoka akitaka ubaridi anachimba, akitaka ukavu anapanda. Anajichagulia mwenyewe. Karatasi na saruji hazina juu wala chini.

Wapo wanaokubali haya yote kisha wakaharibu kila kitu kwenye uchaguzi. Wanafungua ukurasa wa mfugaji wa Marekani, wananakili orodha: maranda ya aspeni, matandazo ya saipresi, usitumie mierezi. Halafu wanatoka kwenda kwa fundi seremala wa mtaani. Aspeni haioti kwetu. Na hata ingeota, maranda yake yanawafaa nyoka wa mahali pakavu, kama yule nyoka wa mahindi wa Marekani. Ukiyalowesha kwa ajili ya chatu yanaota kuvu baada ya siku chache. Saipresi yao ni mti wa kinamasi wa kusini mwa Marekani, Taxodium. Saipresi yetu, tuliyoipanda kuwa ua wa shule na nyumba za misheni, ni Cupressus, mti mwingine kabisa wenye mafuta yanayonukia. Jina ni moja, mti si mmoja. Mfugaji asiyejua hili anamtandazia nyoka wake kile hasa alichokuwa anakikimbia.

Na mierezi ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Vitabu vyote vinakataza maranda ya mwerezi kwa sababu mafuta yake hukereketa mapafu na ngozi, na nyoka aliyefungiwa ndani ya sanduku hana pa kwenda kuvuta hewa nyingine. Msomaji wetu anapumua kwa raha: kwetu hakuna mierezi. Ipo. Mwerezi mwekundu wa Marekani ni wa jenasi ya Juniperus, na mtarakwa wa milima yetu ni Juniperus procera, ndugu yake wa karibu. Harufu ile nzuri ya sanduku la mtarakwa, ile inayofukuza nondo kwenye nguo, ndiyo dalili yenyewe. Kitu kinachofukuza nondo usikiweke puani mwa nyoka. Kwa hiyo lile rundo la maranda chini ya meza ya seremala, mchanganyiko wa msonobari, mkaratusi, mvule ambao vumbi lake huwawasha hata mafundi wenyewe, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, wenye kuku walichukue kwa hiari yao. Mimi silitaki karibu na nyoka.

Nimetaja kuku kwa makusudi, kwa sababu hapa Uganda maarifa yetu yote ya matandazo yametoka kwenye banda la kuku. Tunatumia maganda ya kahawa kwa kuku, basi mtu anauliza kwa nini yasimfae nyoka. Kwa sababu kazi ni mbili tofauti. Tandazo la kuku limewekwa likaushe kinyesi cha ndege mia kwa wiki kadhaa. Linatakiwa kuwa kavu daima. Tandazo la chatu linatakiwa kubeba maji bila kuoza, na maganda ya kahawa yakilowa huota kuvu upesi. Pumba za mpunga nazo zina vumbi na ncha kali. Kuku hufukua akapita; nyoka huburuza midomo na tumbo lake lote humo usiku kucha.

Kinachofaa, kwa maoni yangu, kiko karibu kuliko tunavyodhani. Kwanza kuna usumba. Wazungu na Wamarekani wananunua matofali ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanayotoka zaidi India na Sri Lanka, na kuyaita tandiko bora la chatu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma hayo anapaswa kutabasamu, kwa kuwa pwani ya lugha hii imejua tabia ya makumbi kabla ya hayo matofali kuwepo: hayaozi ovyo, hushika maji, hukauka polepole. Lakini tahadhari moja. Kina mama wa Unguja hufukia makumbi ufukweni kwa miezi ili yalainike kabla ya kusokotwa kamba, na usumba wa namna hiyo umejaa chumvi. Ulowekwe kwenye maji baridi, uminywe, maji yamwagwe, urudiwe mara kadhaa. Pili kuna udongo wenyewe: udongo wa juu usiotiwa mbolea wala dawa, uliochanganywa na mchanga kidogo, ukaanikwa juani au kukaangwa kwenye karai ili vidudu vife, kisha ukaloweshwa upya. Juu yake majani makavu ya migomba kutoka shamba lisilopuliziwa dawa. Majani haya si pambo. Nyoka anayeweza kupita chini ya majani bila kuonekana hutembea hata mchana, wakati yule wa droo hukaa amejikunja nasi tukamwita mtulivu.

Kuhusu mchanga, lazima nimtaje chatu wa mchangani, ambaye jina lake la biashara limebeba jina la Kenya ingawa anapatikana kutoka Misri hadi kaskazini mwa Tanzania. Ni mnyama mnene, mfupi, macho yake yako juu ya kichwa ili mwili wote uzame na macho tu yabaki nje akimvizia panya. Tanzania ilisimamisha usafirishaji nje wa wanyamapori hai mwaka 2016, lakini vizazi vya nyoka huyu tayari vimejaa masanduku ya Ulaya na Marekani. Wapo wanaomweka juu ya karatasi hata yeye! Mnyama ambaye umbo lake zima limechongwa kwa ajili ya kuzama anapewa kitu kisichozamika. Wengine, kwa nia njema, humwekea mkeka wa umeme wa joto chini ya sanduku kisha mchanga mwingi juu. Hao wameligeuza jua. Nyikani joto hutoka juu, na mnyama akiunguzwa hukimbilia chini kwenye ubaridi. Katika sanduku hilo kila anavyochimba kukimbia joto ndivyo anavyolikaribia, na tumbo linaungua. Ukiweka kina, leta joto kutoka juu. Na mchanga ule wa rangi unaouzwa madukani kwa jina la kalsiamu uachwe huko huko, ukilowa hugandamana.

Hoja inayorudi kila mara ni kwamba nyoka atameza udongo utumbo ukazibwa. Inatokea. Ila hutokea zaidi kwa nyoka aliyekaushwa maji, aliyewekwa mahali pa baridi hata chakula hakisagiki, na kwa yule anayepewa panya aliyelowa akakokotwa kwenye vumbi. Mlishe juu ya kipande cha bati au sahani. Haiingii akilini kumnyima mtu nyumba kwa sababu siku moja aliangusha kijiko sakafuni.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na nimeitupiwa usoni katika mjadala wa darasani: kuna watu katika nchi hii wanalala juu ya mkeka chini, nawe unakuja kudai sentimita 10 za udongo laini kwa ajili ya nyoka? Msemaji alipigiwa makofi. Sikuyaonea wivu makofi yale, lakini hoja siikubali. Mtu maskini hakumfunga nyoka. Aliyemfunga ni mwenye banda anayetoza kiingilio, au mwenye droo anayeuza nyoka, na wote wawili wananufaika naye. Tunachokidai kwao ni udongo, majani ya mgomba na nguvu za mkono. Hakuna fedha ya maskini humo. Tena tukumbuke tunavyojifunza juu ya nyoka. Tunasema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na methali inaishia kwa mtafunwa. Mtoto anayepelekwa bandani akamwona chatu amelala kwenye saruji iliyolowa anarudi nyumbani na somo: kwamba nyoka ni kitu cha kutupwa sakafuni na kutazamwa. Mtoto huyo ndiye atakayeshika panga baadaye.

Utunzaji wa kila siku ndio unaowatisha wengi, na bila sababu. Kinyesi cha nyoka huja na kipande kigumu cheupe kama chokaa, ambacho ni mkojo wake. Huonekana. Kinaondolewa siku hiyo hiyo pamoja na konzi ya udongo uliokizunguka, na nyoka mzima hachafui kila siku kwa kuwa hali kila siku. Kipimo cha maji ni mkono: shika konzi ya udongo wa chini, kaza, ukishikamana bila kudondosha tone, uko sawa. Pua nayo ni kipimo. Udongo mzuri unanuka kama shamba baada ya mvua. Ukinuka mkojo umechelewa, kwa sababu mvuke wa amonia huanza na mapafu ya nyoka kabla ya kukufikia wewe uliyesimama. Kila baada ya miezi kadhaa toa wote, osha sanduku kwa sabuni, kisha klorini iliyozimuliwa, suuza, kausha. Usitumie dawa za kusafishia zenye fenoli, hata kama chupa imeandikwa kwamba inaua vijidudu vyote. Na unawe mikono, maana nyoka hubeba salmonela bila kuugua.

Ombi langu kwa wanaotoa vibali vya kufuga na kuonyesha nyoka ni dogo. Afisa anapokwenda kukagua, asiishie kuhesabu nyoka, makufuli na stakabadhi. Achomeke mkono kwenye sakafu ya banda. Ukikwama kwenye karatasi au saruji, aandike hivyo. Kwenye banda la swila atumie kijiti.